Farasi Mia na Arobaini

Mjomba wangu wanamwita Farasi, na farasi mwenyewe hajawahi hata kumgusa. Kazi yake ni kupima nguvu za injini za magari ya zamani, yale ambayo wenyewe huyafuta vumbi kwa fulana safi na kuyasemesha kuliko wanavyowasemesha wake zao. Injini hufungwa kwenye benchi la chuma, huungwa na breki ya maji, hukanyagiwa mafuta mpaka madirisha yanatetemeka, halafu mshale unasema ina nguvu za farasi wangapi.

Zamani alipima kama viwanda vya enzi hizo vilivyopima: injini uchi. Feni nje, chujio la hewa nje, altaneta nje, sailensa hakuna, tena asubuhi hewa ikiwa baridi. Ni kama kumpima mtu mbio akiwa hana mzigo, halafu ukampa mteremko. Ukiirudisha garini na vyombo vyake vyote, robo ya farasi wamekwenda malishoni.

Miaka kumi na mmoja iliyopita alimwandikia mwalimu mmoja wa hesabu karatasi ya farasi mia na arobaini. Mwalimu akacheka kama mtoto, akaitia mfukoni mwa shati. Wiki iliyofuata, akipanda mlima, alijaribu kulipita lori. Farasi mia na arobaini wangetosha. Garini walikuwemo mia na ushei tu. Na basi la abiria lilikuwa linashuka upande wa pili.

Hakuna aliyemlaumu mjomba. Polisi waliandika mwendo kasi, wakafunga faili. Lakini tangu hapo hajapima injini bila kuivisha kila kitu chake. Na kuna nyakati, mashine zote zimezimwa, tunakunywa chai, ananyanyua kidole.

"Unaisikia?"

"Nini, mjomba?"

"Ile ya mwalimu. Inatafuta pumzi. Gia ya tatu."

Mimi nasikia bomba linavuja. Mizaha nilikuwa nayo tele juu ya jambo hilo. Iliniisha siku nilipoona malaika ya mkono wake yamesimama.

Jumanne, mjane wa mwalimu alikuja na pikapu, nyuma kuna injini chini ya turubai. Gari lilikuwa limefufuliwa kipande kwa kipande miaka yote hiyo. Mjomba alifunua, akasoma namba ya injini, akafunika upesi kama aliyefunua uso wa maiti.

"Mwanangu analichukua Jumamosi," alisema mama. "Anataka kuupanda mlima uleule wa baba yake. Niandikie karatasi kama ile, fundi. Ile ilitoka mfukoni haisomeki."

Tuliifunga na kila kitu chake. Ilipokolea, ikaanza kuhema, kifua kimebana, na safari hii hata mimi niliisikia. Mshale ukasimama mia na mbili.

"Irudie," alisema mama.

Tukairudia. Mia na mbili.

"Fundi, usinitanie. Mume wangu alikuwa na mia na arobaini. Mwalimu wa hesabu yule, hawezi kukosea!"

"Hakukosea, mama. Alipiga hesabu yake vizuri, kwa namba niliyompa mimi. Niliipima uchi."

Akamweleza yote, feni, chujio, hewa ya asubuhi. Mama alikaa juu ya kreti la vipuri.

"Miaka kumi na mmoja," alisema polepole, "nawaambia watoto baba yao alijiua kwa mbwembwe. Kaburini kwake nakwenda kumgombeza."

Mjomba alichukua karatasi, akaandika mia na mbili.

"Karatasi sitaki," mama alisema akiinuka. "Jumamosi utakaa garini na mwanangu, umwambie kwa mdomo wako."

Yaliyofuata kijana ndiye aliyenisimulia. Walipanda mlima wakiwa nyuma ya lori la saruji, mwendo wa konokono, mjomba akimweleza yote tangu bondeni. Kwenye kona moja aliomba wasimame. Akashuka, akatembea hadi ukingo wa barabara, akarudi, akafunga mlango.

"Ni hapa?" kijana aliuliza.

"Ni hapa."

Lori lilikuwa limeshapotea mbele. Kijana akaliacha liende.