Mgonjwa wa Tano

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: nilimtunga mtu, halafu mtu huyo akaja kunitazama usoni mbele ya kikao kizima.

Ilikuwa wakati wa lockdown, niko chumbani kwangu Quakers Hill, huku ughaibuni, treni zinapita tupu, taa zimewaka mchana kweupe kana kwamba zimebeba abiria wasioonekana, na kazi yangu ni kutafsiri kwa Kiswahili dodoso la wagonjwa wa hemofilia, wale ambao damu yao ikitoka haigandi upesi. Majibu yao ndiyo daktari angeyatumia kupanga dawa. Kwa hiyo sharti lilikuwa moja: kwanza wagonjwa watano wasome kila swali, wanieleze kwenye Zoom, kwa maneno yao, wameelewa nini. Wenzetu waliotafsiri kwa Kihispania walishamaliza watano wao. Mimi nilikuwa na wanne, na wa tano, ambaye nilikuwa na namba yake tu, wiki mbili hakupokea simu.

Basi nikamtunga (si najiita mwandishi wa riwaya?). Nikampa nyumba karibu na stesheni ya St Marys, goti la kushoto lililovimba, kiti cha kijani dirishani, na tabia ya kumficha mkewe maumivu kwa kuimba. Nilipofika kwenye kuimba nilitokwa na machozi, nawaapia. Mwisho nikaandika: maswali yote ameyaelewa.

Jumatatu, Dada Njeri, muuguzi Mkenya aliyetusimamia, akaisoma ripoti yangu kwa sauti kwenye Zoom, mbele ya madaktari na wagonjwa waalikwa. Alipotaja kiti cha kijani, kisanduku kimoja cheusi kwenye skrini kikawaka. Mwanamume ameketi dirishani. Kiti cha kijani. Goti la kushoto limefungwa bendeji.

"Ndugu," akasema taratibu, kwa Kiswahili cha Kongo, "ni miye ule wa tano. Nilikuwa hospitali, simu ilibaki nyumba. Nani alikuambia naimbaka?"

Nywele zikanisimama.

"Kaka," Njeri akauliza, "huyu ulimhoji ama hukumhoji?"

"Nilimtunga."

Mmoja alicheka, akidhani natania.

"Aki wewe! Unatunga mgonjwa?"

"Na ile swali ya tisa," yule baba akaendelea, "Dada Njeri alinitumia leo asubuhi, sikuielewa. Inauliza damu ilitoka mara ngapi. Yangu inatokea ndani ya goti, haionekani. Niliandika sifuri. Weye umesema naielewa."

Sifuri! Kwa kalamu yangu tamu, goti lile lingekosa dawa.

Nikaomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, akasogelea kamera, akanong'ona: "Lakini ile ya kuimba, bibi yangu hajui."

Nyuma yake, mlangoni, mkewe alikuwa amesimama na shuka mikononi, ameacha kulikunja.

Swali la tisa tuliliandika upya, yeye na mimi, siku nzima, na mkewe akaketi kando yake. Riwaya bado naandika. Ila nikitaka kumuumiza mtu goti, kwanza nasubiri apokee simu.