Njumu Juu ya Meko

Aprili 1956 baba yangu alinyang'anywa ufunguo wa banda la timu. Banda lile lilinuka jasho na mbao zilizooza. Lilikuwa nyuma ya ghala, katika shamba kubwa la makonge tulilokaa nje ya Thika; sakafu yake udongo, mabati yake yanavuja. Baba, kibarua aliyetoka Maragoli, ndiye aliyetunza vifaa vya mpira vya shamba, na hiyo ndiyo heshima pekee aliyowahi kupewa na watu wasio wa ukoo wake.

Kulipokuwa na jua hakupata shida. Alijaza mabaki makavu ya katani ndani ya njumu, viatu vya ngozi vya kuchezea, ili yanyonye unyevu, kisha akazianika pamoja na jezi kwenye zile nyaya za kukaushia katani. Mwaka huo mvua haikutupa nafasi. Ukungu uliota kwenye ngozi, mweupe, halafu kijani. Akiufuta leo, kesho umerudi. Na Jumapili timu ilikuwa na mechi Ruiru, dhidi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa. Basi akazileta njumu zote nyumbani, akazining'iniza juu ya meko, pale mama alipokaushia samaki.

"Hiyo ni ngozi, Baba Rasoa," mama alimwambia. "Si samaki."

"Kwetu moshi haujawahi kuharibu kitu," akajibu, akaongeza kuni.

Ukungu uliisha kweli. Jumamosi alizipangusa huku akiimba wimbo wa kanisani, nami nikajiona mtoto wa mtu mkubwa.

Kule Ruiru, hata mapumziko hayajafika, soli ya kwanza ilibanduka. Ngozi ilikuwa imekauka kama gome la mti. Zikapasuka moja baada ya nyingine. Mwangi, kapteni wetu, alikuja ukingoni na njumu yake mkononi, akainusa mbele ya watu wote.

"Mzee, ulikuwa unatutunzia ama unatupikia?"

Uwanja ulicheka. Mtu akapaza sauti, "Thika, na ugali uko wapi?" Baba alitabasamu kama aliyefanyiwa utani tu, akainama kuokota soli nyasini. Msichana aliyesimama kando yangu akanusa gauni langu. "Na wewe umetoka jikoni humo humo," akasema. Sikuwa na pa kujificha. Moshi ule ulikuwa hata kwenye nywele zangu. Wachezaji wetu walimaliza pekupeku, wakafungwa, na wakati wa kurudi hakuna aliyeketi karibu na baba ndani ya lori.

Nyapara aliuchukua ufunguo Jumatatu. Aliyepewa alitengeneza rafu ya mbao iliyoinuka kutoka sakafuni, akatoboa ukuta hewa ipite, na jezi hazikuota ukungu tena. Ilikuwa kazi rahisi namna hiyo. Siku hizi mjukuu wangu huacha viatu vyake vya mpira vikiwa vibichi ndani ya mfuko wa plastiki. Vikiharibika hununuliwa vingine, na hakuna anayevunjiwa heshima.

Jumapili moja baadaye baba alikuwa analima mahindi nyuma ya nyumba. Kelele za mechi zikapanda kutoka uwanja wa shamba. "Rasoa, nenda utazame," akaniambia.

Nilienda, nikarudi mbio. "Tumefunga, baba."

"Miguuni wamevaa nini?"

Nilitazama chini. "Hawajavaa kitu."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kulima.