Siku Zaina Alipokataa Kuitika

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, vigingi vyenye utepe mwekundu vilianza kuchomekwa ufukweni kwetu, kusini kidogo ya Palma. Watu wa gesi walikuwa wamefika. Wakubwa walisema gesi yenyewe iko mbali, chini ya bahari, lakini mitambo yake itajengwa huku kwetu na sisi tutahamishwa. Ndiyo maana professora wetu wa shuleni, dada mmoja aliyeletwa na serikali kutoka Inhambane, aliamua kututembeza.

"Mwone vya kwenu kabla havijazungushiwa uzio," alisema.

Tulipanda lori hadi njia ilipoishia, kisha tukafuata ufuko kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa. Bibi yangu alitangulia, kwa sababu ukoo wake ndio uliokuwa ukifagia pango na makaburi ya huko tangu zamani. Dada yangu Zaina, aliyekuwa darasa la saba, alitembea na professora, wakizungumza Kireno. Alitaka kusoma Pemba, kisha arudi kufanya kazi kwa hao watu wa gesi, na professora alikuwa ameahidi kumsaidia.

Kwanza tuliona chemchemi. Maji matamu yanatoka kwenye mchanga wa bahari, kati ya mawe, na yanaonekana maji yakikupwa tu. Dereva alionja kwa ncha ya ulimi, akatutazama kama tumemfanyia kiinimacho, kisha akainama akanywa mpaka shati likalowa. Juu ya chemchemi kuna msikiti wa kale usio na paa, na makaburi ya nguzo yaliyokumbatiwa na mizizi. Professora alifuata kwa kidole maua yaliyochongwa kwenye mihrabu, moja baada ya jingine. Nakumbuka nilijiona tajiri.

Pango lilikuwa la mwisho. Bibi alinyunyiza maji ya mawaridi mlangoni, akapiga hodi, tukaingia. Ndani kulikuwa na baridi, na popo wamejaa juu, vichwa chini.

"Hao walichelewa shule," mtoto mmoja alinong'ona, tukacheka kwa kuziba midomo.

Kwetu mtu hatoki pale hivi hivi. Mwenye kuongoza husimama nje, humwita kila aliyeingia kwa jina lake na la mama yake, naye hujibu, "Nimetoka mzima." Asiyejibu, wazee husema mwili ndio uliotoka, mwenyewe kabaki ndani, na siku moja mwili nao utamfuata.

Bibi alituita sote. Alipofika kwa professora akamwuliza, "Mama yako nani, mwanangu?"

"Celeste."

"Lurdes wa Celeste."

"Nimetoka mzima," professora akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, nasi tukampigia makofi.

"Zaina wa Mariamu."

Zaina alikuwa akikung'uta mchanga kwenye viatu.

"Zaina, unaitwa."

"Bibi, niko mbele yako. Unaniona."

"Naona kanga na kichwa. Itika."

"Wale wa gesi hawaajiri watu wanaoongea na mapango."

Watoto wakaangua kicheko. Professora akamwambia taratibu, "Jibu tu, Zaina. Mimi si nimejibu?" Nadhani hapo ndipo alipoharibu bila kujua. Zaina alikuwa akijionyesha kwake, sasa yeye huyohuyo ndiye anayemrudisha kwa bibi. Akageuka, akaenda zake.

Maji yakaanza kujaa. "Bibi, bahari haina adabu, twende," dereva akaita. Bibi hakuondoka. Alisimama mlangoni mwa pango akiita jina lile, mpaka maji yakamfika magotini na professora akarudi kumshika mkono.

Baada ya siku ile Zaina akawa mtu wa kuitwa asigeuke. Ukimwita kwa nyuma, ataendelea kutwanga au kufua, halafu baadaye sana ataangalia upande mwingine. Sijui kama kweli alibadilika, au ni sisi tuliokuwa tumeanza kumchunguza. Mama akimgombeza, bibi alimzuia: "Usimlaumu. Hakutoka mzima." Zaina alicheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka. Siku moja tukichota maji aliniuliza, "Na wewe unaniona nimepungua?" Nilisema hapana. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri jibu jingine.

Bibi alifariki kabla hatujahamishwa. Ufuko ukazungushiwa uzio kama professora alivyosema, na njia ya pangoni ikafungwa. Kisha vita vikaja. Mocímboa da Praia kwanza, kisha kwetu. Asubuhi ile ya risasi tulikimbilia mikokoni, mama mbele, mimi katikati, Zaina nyuma yangu. Nilikuwa nasikia miguu yake kwenye tope. Halafu sikuisikia. Mama aliita mpaka watu waliojificha nasi wakamziba mdomo kwa kapulana aliyojifunga kifuani. Hakuna aliyeitika.

Sasa tunaishi Namoto, mpakani, kwa mjomba anayeuza samaki wakavu. Shule yangu iliishia siku ile ya mikokoni. Mjomba anataka tumsomee Zaina hitima, maana muda umepita na majirani wanauliza. Mama hataki. "Hitima ni ya maiti," anasema. "Mwanangu kaachwa pangoni." Analisema bila kulia, kama unavyosema mtu yuko sokoni.

Mimi najua waliotushambulia walikuwa watu wenye bunduki, na pango halina bunduki. Lakini nikilisema hilo kwa sauti, mama atakuwa na mtoto aliyelala kwenye tope bila sanda, mahali asipopajua. Akilisema lake, ana mtoto aliye sehemu ya baridi, karibu na maji matamu. Zamani nilidhani imani ile ilikuwa ya kututisha watoto. Siku hizi naona pia inampa mama pa kuelekeza uso.

Juzi mjomba aliniita pembeni, akaniuliza mimi kama tusome, kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu na dada yangu mara ya mwisho. Nilimwambia hitima isisomwe. Akafikiri nasema kwa kumhurumia mama. Nilimwacha afikiri hivyo; hajui kwamba hata mimi bado nasikiliza miguu ya Zaina nyuma yangu.