Wanne Waliombeba Wepukhulu

Wepukhulu alikuwa fundi wa mawe, na katika watu wetu wa Silanga, mtaa wa vibanda, hakuna aliyeijua Injili kumshinda. Sisemi alikuwa mhubiri. Mhubiri hupaza sauti. Yeye alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama anayekagua ukuta kabla ya kuweka jiwe linalofuata. Alitoka kwao Kimilili mwaka wa themanini na saba, akapanga chumba karibu na bwawa, akamleta mkewe Lenah, wakapata wasichana wawili, Mourine na Bridgit.

Kila Alhamisi jioni tulikutana kwake kusoma Neno. Wanawake walikuwa wengi, wanaume tulikuwa wachache: Obiero aliyeuza makaa, Ouma wa mkokoteni, Vincent aliyelinda geti moja katika mtaa wa jirani wa Olympic, na mimi Kyalo, fundi wa viatu. Wepukhulu alitusomea, kisha alitueleza kwa maneno ya kazi yake. Nakumbuka siku tuliyosoma habari ya watu wawili waliojenga, mmoja kwenye mwamba na mwenzake kwenye mchanga. Obiero alianza kuwasema waliojenga mchangani. Wepukhulu akamkatiza kwa upole.

"Ndugu, sisi wote hapa tunalala juu ya takataka. Usiwacheke. Lakini angalieni kitu kimoja. Yule wa mwamba pia alinyeshewa. Mvua ilikuwa ile ile, upepo ule ule. Watu wanafikiri ukijenga vizuri hutanyeshewa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ungeenda nyumbani na neno moja, likakutosha wiki nzima.

Februari mwaka wa tisini na nne alipata kazi mtaa wa Kawangware, pale kituo cha 46. Mwenye ploti aliitwa Ndungu, mzee wa kanisa aliyemiliki ardhi pale tangu zamani, naye alikuwa anabomoa vyumba vyake vya mabati ili ajenge ghorofa ya kupangisha. Walipofika juu ya madirisha ya ghorofa ya pili, Wepukhulu alimwambia kwamba miti ya jukwaa wanalosimamia imeanza kuoza. Ndungu akamjibu, "Malizeni laini hii ya mawe, fundi. Kesho naleta miti ingine." Mti ulivunjika kabla ya chakula cha mchana. Wepukhulu aliangukia mgongo juu ya rundo la mawe aliyokuwa ameyachonga mwenyewe.

Alikaa hospitalini miezi mitatu. Alitoka akiwa mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini ya hapo hakukuwa na kitu. Ungemchoma sindano mguuni na angeendelea kuzungumza nawe.

Ndungu alimtembelea mara moja wodini. Nilikuwepo. Aliomba vizuri, na alilia machozi ya kweli, sitamsingizia. Kisha akasema, "Ni mapenzi ya Mungu, fundi. Tukubali." Wepukhulu akasema amen. Mzee alipoondoka, nilimuuliza kama kweli anakubali.

"Nimesema amen kwa sababu yeye ni mgeni," akanijibu. "Ungetaka nimwambie nini mtu anayelia?"

Nyumbani Lenah alijifunza kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Alimwosha, alimgeuza kila baada ya muda asipate vidonda, alifua matandiko, akatoka kwenda kuwafulia watu nguo Olympic, akarudi kumgeuza tena. Sisi tulikuja Alhamisi, tukakaa kuzunguka kitanda, Wepukhulu akasoma akiwa amelala, Biblia ikiwa juu ya kifua chake.

Disemba ile Obiero alikuja na sura aliyokuwa ameichagua mwenyewe, ya mtu aliyepooza, ambaye rafiki zake wanne walimbeba hadi nyumba alimokuwa Yesu, wakakuta mlango umejaa watu, wakapanda juu wakafungua paa. Alitusomea yote. Alipomaliza alituhesabu kwa kidole.

"Wanne! Sisi tuko wangapi? Si wanne? Na Yesu hakuangalia imani ya mgonjwa. Aliangalia imani yao. Yao!"

Januari kulikuwa na krusedi, mkutano wa mahubiri na uponyaji, katika uwanja mmoja Kawangware. Mabango yalikuwa yamebandikwa hadi kwenye vibanda vyetu, yana picha ya mikongojo iliyotupwa. Wepukhulu hakutaka kwenda. "Niacheni, ndugu zangu," alisema. "Mungu anajua nyumba yangu." Lakini Mourine, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa amesimama pale mlangoni na amesikia yote. Akauliza, "Baba, Jumamosi utatembea?" Wepukhulu alimtazama mtoto, kisha akatutazama sisi, kisha akasema sawa, twende.

Ouma alitaka tumpeleke kwa mkokoteni. Obiero alikataa katakata. Wale wa kwenye Injili walibeba kwa mikono, hawakusukuma. Basi nikachukua blanketi zito, nikalishona kwenye fito mbili kwa uzi wangu wa viatu, mshono wa kupita mara mbili, na Jumamosi asubuhi tukamwinua begani.

Nikisema ukweli, zile saa za njiani ndizo saa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi nikiwa Mkristo. Tulipanda hadi Olympic, tukavuka Ngong Road watu wakitusimamishia magari. Wengine waliuliza kama ni maiti. Ouma aliwajibu, "Rudi jioni utamwona akitembea!" Wanawake tusiowajua walijiunga nasi wakaimba. Bega langu liliwaka moto na nilifurahi kwamba linauma. Wepukhulu alilala chali kati yetu, macho yakiwa juu.

"Kyalo," aliniita. "Mawingu sijaona karibu mwaka mzima."

Uwanjani tulikuta watu wamejaa. Mhudumu mwenye utepe kifuani alitusimamisha mbali na jukwaa.

"Huyu amepona?"

"Bado," Obiero akasema. "Ndiyo tumemleta."

"Wanaopanda ni walio na ushuhuda. Wengine mkae pale nyuma, maombi yatawafikia."

Tulikaa kidogo. Kisha Obiero akatuambia, "Nao walikuta mlango umejaa." Tukazunguka nyuma ya jukwaa, ambako kulikuwa na turubai. Vincent aliinua turubai, nasi tukaingia na mzigo wetu tukiwa tumeinama, tukatokea jukwaani mbele ya umati wote, miguuni pa mhubiri. Watu walipoona, uwanja ulipasuka kwa kelele. Nilifikiri, hii ndiyo ile. Hii ndiyo ile yenyewe.

Mhubiri alimwuliza Wepukhulu kama anaamini. Akasema anaamini. Akatuuliza sisi. Tukapiga kelele kwamba tunaamini. Akaweka mkono hewani, akasema, "Simama!"

Wasaidizi wawili walimshika kwapani wakamwinua. Miguu yake ilining'inia kama suruali iliyoanikwa. Mhubiri akasema tena, simama, nao wakamwachilia.

Alianguka mzima mzima. Uso wake uligonga mbao za jukwaa, na suruali ikalowa mbele ya watu wote. Waliokuwa karibu waliona yote. Wale wa mbali waliendelea kushangilia kwa sababu hawakuona. Kinanda kikaanza kupigwa kwa nguvu. Mhubiri alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akainama kwetu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwondoeni. Kuna shaka kati yenu."

Tulirudi na njia ile ile. Hakuna aliyeimba. Tulipofika karibu na Olympic, Obiero akauliza bila kugeuka, "Ni nani kati yetu?"

"Ni nani nini?" Ouma akasema.

"Mwenye shaka."

Tukaanza kugombana tukiwa tumembeba. Ouma alisema mwenye shaka ni yule anayeuliza. Vincent alisema tungetumia mkokoteni mgonjwa asingefika amechoka. Mimi nilisema maneno ambayo sitayarudia. Wepukhulu, damu imekauka puani, akasema, "Niwekeni chini kwanza, mgombane vizuri." Na sisi tukamweka chini, kando ya barabara, tukagombana vizuri.

Kitu nilichoficha siku hiyo ni hiki: mhubiri aliposema simama, mimi niligeuza macho. Sikutaka kuona. Kwa hiyo nilijua ni mimi. Ilipita miaka ndipo Ouma akanieleza kwamba naye alijua ni yeye, kwa sababu alikuwa anafikiria bega lake. Sijui Obiero na Vincent walibeba nini moyoni, lakini hakuna aliyeweza kumtazama Wepukhulu usoni.

Kesho yake Lenah alipokuwa anamwosha aliona paja la kushoto limevimba, limekuwa la bluu. Mfupa ulikuwa umevunjika pale jukwaani. Wepukhulu hakuwa amesikia chochote.

Obiero alihamishia kikao cha Alhamisi kwake, akasema ni kumpa mgonjwa nafasi ya kupumzika. Vincent akapata zamu ambayo haikumruhusu. Ouma alikuja hadi Pasaka. Mimi nilikuja kila wiki, halafu kila baada ya wiki mbili, halafu nilipopata njia. Mfupa ule haukuunga sawa, na kwa kuwa paja lilibaki limepinda hakuweza kugeuzwa upande mmoja. Vidonda vikaanza mgongoni.

Siku moja mwaka wa tisini na tano mwishoni, mchana, nilimkuta peke yake. Aliniomba nimsomee Yohana, pale penye birika, ambapo wagonjwa wengi walikuwa wakingoja maji yatibuliwe. Mikono yake haikuwa na nguvu tena ya kushika kitabu. Nilisoma hadi pale yule aliyeugua miaka thelathini na minane anaulizwa kama anataka kupona, naye anasema hana mtu wa kumwingiza majini.

"Huyo alisema hana mtu," Wepukhulu akasema. "Mimi nilikuwa nao wanne. Lakini soma mwanzo tena. Wagonjwa walikuwa wangapi?"

"Inasema wengi. Vipofu, viwete, waliopooza."

"Na Yesu akaponya wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja. Akaondoka. Sasa wale wengine, Kyalo, jioni walienda wapi?"

Nilipekua karatasi kama mtu anayetafuta, ingawa nilijua hakuna.

"Usidhani nimeacha kuamini," aliendelea. "Hiyo yote naamini. Paa lilifunguliwa kweli, yule alibeba kitanda chake kweli. Shida yangu si kuamini. Shida ni kwamba ni kweli, na mimi ni wa wale wengine."

Nilitaka kumwambia neno. Nilimwambia Mungu ana makusudi. Alifumba macho, na kwa uso wake niliona kwamba kwake sasa na mimi nimekuwa mgeni, kama Ndungu.

Alifariki Mei mwaka wa tisini na sita, mvua zikiwa zimejaza mifereji yote ya Silanga. Watu wake wa Kimilili walitaka azikwe nyumbani, lakini haikuwezekana, akazikwa katika makaburi ya Lang'ata, mahali ambapo hakuna hata mmoja wa ukoo wake. Obiero ndiye aliyehubiri kaburini. Alisema ndugu yetu sasa anatembea, anaruka, anacheza. Wengi walisema haleluya. Ouma aliondoka kabla udongo haujaisha kurudishwa.

Wiki mbili baadaye nilienda kumwona Lenah. Alikuwa anafunga mizigo. Amepata nafasi kwa dada yake kule kijijini, na chumba kilikuwa tayari na mpangaji mwingine. Nilisema pole. Nikasema pia, kwa sababu nilikuwa nimelibeba muda mrefu, kwamba nadhani ni mimi niliyekuwa na shaka siku ile.

Aliacha kufunga kamba, akaniangalia. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Kyalo, nyinyi mlimbeba siku moja," alisema. "Mpaka leo mnaulizana nani alimbeba vibaya. Mimi nilimbeba karibu miaka miwili. Hata yule wa kwenye Injili, kabla hao wanne hawajafika, kuna mtu alikuwa anamgeuza. Kuna mtu alikuwa anamfulia. Huyo mtu umewahi kusikia akiombewa?"

"Sijawahi, Mama Mourine."

"Basi."

Alinipa upande mmoja wa mzigo nishike akaze fundo. Nilishika. Bridgit alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa akila kipande cha muhogo, na Mourine alisimama nje na viatu vyake vya shule mkononi kwa sababu ya matope. Niliwasindikiza hadi barabarani. Lenah hakuangalia nyuma, alikuwa na mizigo kichwani.

Nimesikia Mourine hakumaliza shule. Lile jengo la Kawangware limekwisha, limejaa wapangaji, ghorofa zote. Siku za Alhamisi mimi hubaki kibandani nikishona. Si kwamba nimemkana Bwana. Asubuhi bado najaribu kuomba, naanza na nyumba yangu, naenda kwa majirani, na nikifika pale pa kumtaja Lenah nakaa hapo, sijui niombe nini.