Sponji za Fundi

Muuza mkaa hakuacha kupima mkaa wake alipoitoa habari ile, maana umbea wa kweli hausimamishi kazi.

"Mama Bonge, wewe unakaa naye ua mmoja. Eti ni kweli Fundi masikio yamekufa?"

"Nani kasema?"

"Nani hajasema! Jana nimepita mlangoni kwake, nikamsalimia, kimya. Nikarudia, kimya. Anashona huku anatikisa kichwa kama anayekubaliana na cherehani. Wanasema ni yule wifi yake. Kamsema, kamsema, mpaka masikio yakaomba kustaafu."

Mama Bonge alicheka, akamweka mtoto sawa mgongoni, akachukua mkaa wake. Mtoto aliitwa Bonge kwa sababu ya mashavu, na mama mtu alijulikana kwa mtoto tu, kwa vile mwenyewe alikuwa wa maneno machache, wa kutazama zaidi. Angeweza kumjibu muuza mkaa mpaka gunia liishe. Siku Fundi alipokwenda kuyaziba masikio yake, yeye ndiye aliyemsindikiza.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vilivyozunguka ua wa saruji, bomba moja katikati na kamba za nguo juu. Mwenye nyumba, Mzee, alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Aliondoka asubuhi na kurudi jioni nyusi zimekuwa nyeupe kwa unga. Chumba cha kona, chenye madirisha mawili, alimpa mwanawe wa kiume alipooa. Mwana akafariki kwa ugonjwa wa kifua, na mjane wake, Fundi, akabaki mle na cherehani yake. Mzee alisema mbele ya watu, "Huyu kamuuguza mwanangu mpaka mwisho. Chumba ni chake mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka."

Maneno hayo yalimkaa kooni binti wa Mzee. Yeye ndoa ilikuwa imemshinda, akarudi kwao na sanduku lake, akawekwa chumba cha nyuma pamoja na magunia ya pumba. Usiku panya, mchana vumbi. Na kila akichungulia, anaona mapazia ya Fundi yanapepea kwenye madirisha mawili. Wakagombana. Waligombana juu ya kamba, juu ya bomba, juu ya kivuli, mpaka Mzee akachoka.

"Kazini kelele ya mashine, nyumbani kelele yenu," alisema. "Atakayeanzisha tena ugomvi ndani ya ua huu, awe damu yangu au asiwe, atafunga mzigo."

Tangu siku hiyo Wifi, yule binti wa Mzee, hakugombana na mtu. Alianza vijembe. Kijembe hakitaji jina, na kisicho na jina hakina kesi. Mzee akishatoka, wapangaji wengine wakishakwenda makazini, analeta beseni lake la kufulia mkabala na mlango wa Fundi, anakaa, anaongea na povu.

"Nyumba ya ukoo si stendi jamani. Gari likikuacha unarudi ulikotoka, huwezi kugeuza benchi kitanda." Anasuuza, anakamua. "Kaburi limeshaota majani, watu bado wamekumbatia funguo za marehemu." Anachagua nguo nyingine, taratibu, kama mtu aliye na siku nzima. "Na hodari kweli wa kushona! Nguo za watoto wa watu zinapita mkononi, wa kwake hata wa kumfunga kitambaa hana."

Hapo ndipo sindano zilipokuwa zinavunjika. Mama Bonge, akinyonyesha mlangoni kwake, alikuwa akitazama mguu wa Fundi kwenye pedali na jinsi vidole vyake vilivyokuwa vinaushika mkasi, siyo kwa kukata kitambaa.

"Nitamjibu, mdogo wangu," Fundi alimwambia siku moja. "Na nikimjibu nimekwisha. Yule kakaa pale na ndoana, anangoja nimeze tu."

"Usimsikilize, dada."

"Jicho lina kope. Mdomo una meno. Sikio liko wazi kama mlango wa choo kibovu, kila upepo unaingia." Akachomoa sindano iliyovunjika. "Basi langu nitalitia mlango."

Alikuwa na hedfoni za kuchomeka masikioni, zile zenye vipira laini nchani. Alizijaribu. Lakini akiinamia cherehani vinateleza, na sauti ya Wifi inapenya pembeni kama maji chini ya mlango. Ndipo wakaenda wote wawili, Bonge mgongoni, kwenye safu ya mafundi simu, kwa mwanamume mmoja mnene aliyeitwa Chaji, mwenye meza ya nyaya na vikorokoro vya kila namna.

"Nataka vya kubadilisha hivi vipira," Fundi alisema. "Vya kuziba kabisa."

"Unasikiliza muziki gani? Wenye besi nzito au wa maneno?"

"Sisikilizi muziki. Nataka nisimsikie mtu."

Chaji alimtazama. "Mume?"

"Wifi."

"Ahaa. Wifi ni sponji." Akavuta kisanduku chini ya meza kwa heshima, kama daktari aliyeambiwa ugonjwa wenyewe.

Kulikuwa na za manjano, nyepesi kama mkate. Fundi alizipachika, akachomeka, na alipovuta hedfoni, sponji ikabaki ndani ya sikio. Chaji ilibidi aitoe kwa kibanio chake cha skrubu. "Tundu lake ni pana kuliko shingo ya hedfoni yako," alisema. "Lazima ing'ang'anie. Isiyong'ang'ania itakuaibisha." Kulikuwa na nyeusi, kubwa, ngumu, hizo zilimtoa machozi. Kisha akampa za kijivu. Alimwonyesha namna ya kuiminya kwa vidole mpaka iwe nyembamba kama ncha ya uzi uliolambwa, kuvuta sikio juu kwa mkono wa pili, kuingiza, na kushikilia kwa utulivu mpaka sponji ivimbe na kujaza tundu.

Fundi alishikilia. Uso wake ulitulia, ukawa wa mtu anayesubiri chungu kichemke. Kisha akamgeukia Mama Bonge.

"Nitukane."

"Nini?"

"Nitukane nijue kama zinafaa."

Mama Bonge aliona haya. Watu walikuwa wanapita. "Una... una kichwa kikubwa," alisema.

"Nimesikia 'kikubwa'. Sikio la kushoto linavuja."

"Jaribu ndogo kushoto," alisema Chaji. "Binadamu hana masikio mapacha." Fundi akabadilisha. Mama Bonge akasema tena habari ya kichwa. Fundi akatazama tu. Chaji akaona mama huyu hana kipaji, akavuta pumzi na kumwaga matusi mpaka hata fundi viatu wa meza ya pili aliacha nyundo hewani. Fundi alimtazama mdomo kwa makini mpaka alipomaliza.

"Umesema nini?"

"Nimesema zinakufaa, mama."

"Nipe kulia ya kati, kushoto ndogo."

"Haziuzwi chongo. Ni jozi kwa jozi."

"Basi nipe pakiti zote mbili. Nikiziba sikio moja, kijembe kitapitia la pili."

Alipokuwa akifunga, Chaji alimpa masharti: zisilowe, zifutwe nta kila zikitoka, na siku ukiiminya ikarudi upesi kabla hujaiingiza, ujue imechoka, uitupe. Fundi aliitikia kila neno kwa kichwa. Alikuwa anatabasamu. Mama Bonge hakuwa ameliona tabasamu lake tangu msiba, na sasa alipoliona hakulipenda.

"Angalau utapata amani, dada," alisema njiani.

"Amani?" Fundi alisimama katikati ya njia. "Nani kakwambia nataka amani? Nataka atoke yeye. Na sitamtoa mimi. Mdomo wake ndio utakaomfungia mzigo. Mpiga ngoma akiona hachezi mtu, uone kama hatapasua ngoma."

Kesho yake hakujificha ndani. Aliburuta cherehani mpaka kizingitini, uso kwa uso na beseni, waya umeshuka kutoka masikioni mpaka mfukoni. Wifi akaanza na stendi. Fundi akashona. Wifi akapanda makaburini. Fundi akapiga miayo. Alipofika kwa watoto, akiyavuta maneno moja moja ili yakate vizuri, Fundi aliinua kichwa, akamtazama kwa upole, akamwonyesha dole gumba.

Siku moja Fundi alipokwenda bombani akaacha aproni yake na hedfoni juu ya cherehani, Mama Bonge alichukua hedfoni ile akaiweka sikioni kusikia kama siku hizi kuna wimbo unaomfariji. Hakukuwa na wimbo. Ncha ya waya ilikuwa inaning'inia mfukoni mwa aproni, haijachomekwa kwenye simu wala kitu chochote. Mwanamke yule alikuwa anakaa kwenye ukimya mtupu kutwa nzima, anatazama mdomo wa adui yake ukichoka.

Na ulichoka. Wifi alisogeza beseni karibu. Akapaza sauti, ikakwama, akanywa maji, akapaza tena. Akaanza kufua nguo zilizokwisha kufuliwa. Mama Bonge alimwonea huruma wakati mwingine, ingawa hakuthubutu kuisema huruma hiyo. Hakuwa amesahau siku Bonge alipowaka homa. Wifi ndiye aliyemfunga mtoto kifuani akakimbia naye zahanati kwenye mvua, yeye mama mtu akifuata nyuma akilia. Mdomo ule ule, njia nzima, ulikuwa unambembeleza mtoto.

Ile siku yenyewe ilikuwa adhuhuri. Mama Bonge alikuwa mlangoni kwake anamlisha Bonge uji. Wifi alikuwa ametoa kijembe chake kizuri kuliko vyote, hata Mama Bonge kilimchoma, na Fundi akajibu kwa kupuliza vumbi kwenye sindano. Wifi akasimama. Akalipiga beseni teke, maji ya povu yakatapakaa uani. Akaenda mpaka kwenye cherehani, akamwinamia Fundi puani.

"Wewe Fundi! Wewe hapo! Unajifanya kiziwi? Ulikuwa unamhesabia kaka yangu pumzi! Kila akikohoa unapima madirisha! Ulimchelewesha hospitali ili ubaki na chumba! Mwuaji mkubwa wewe, tasa!"

Fundi aliutazama mdomo ule ukifunguka na kufumba. Akakata uzi kwa meno. Akatabasamu.

Wifi alilia kwa hasira, akang'oa kitambaa kwenye sindano, akakitupa majini, akatoka mbio na kanga yake mkononi kuelekea mashineni. Alijua anayetangulia kwa hakimu hufika na haki kabla haijapoa.

Fundi alivua sponji, ya kulia, kisha ya kushoto, akazifuta. "Kanitaja jina?"

"Kakutaja."

"Kasemaje?"

Mama Bonge alimfuta mtoto mdomo, ingawa mdomo ulikuwa safi. Alikuwa amemwona huyu mwanamke usiku na mchana alivyokuwa akimgeuza mumewe mgonjwa, akimshikilia beseni, akipumua naye. "Maneno tu, dada. Hasira."

Mzee alikuja kabla ya saa zake, unga bado kwenye nyusi, binti yake nyuma yake ana kwikwi ya kilio. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama maji yaliyotapakaa, akatazama kitambaa kilicholowa.

"Nimeambiwa Fundi ndiye aliyeanza. Mwanangu, sema upande wako. Kakwambia nini?"

Fundi akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu anunue zile sponji, Mama Bonge alimwona amekwama. "Baba... sikusikia. Nilikuwa nimeziba."

"Unaona!" Wifi aliruka. "Hakusikia kitu kwa sababu sikusema kitu! Mimi nimemsalimia tu, yeye ananicheka usoni, kila siku ananicheka. Si ugomvi huo?"

Mzee alijipangusa uso, unga ukageuka uji kwenye jasho lake. "Mmoja hajui alichosikia, mwingine hajui alichosema. Nitahukumu nini hapo? Nilishasema na sirudii. Kama hakuna aliyesikia maneno, mtafunga mizigo wote wawili, leo hii hii."

Wifi alimtazama Mama Bonge, macho mekundu, na kichwa chake kikatikisika kidogo sana, kuomba asiyaseme. Bonge alimwona, akamnyooshea mikono akitaka kubebwa. Mama Bonge akamvuta mtoto kwake.

Fundi naye aligeuka. Zile sponji alikuwa amezifumbata kiganjani, amezibana mpaka hazionekani.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe masikio yako yalikuwa wazi. Simama umwambie Baba alichosema huyu, neno kwa neno, mbele yangu nami nisikie. Usimpunguzie yeye, na mimi usinionee huruma."