Kozi ya Ng'ombe

Ntwari alipoanza mwaka wa pili wa agronomia mjini Goma, wenzake walimwonea wivu kwa kozi moja: ufugaji.

"Wewe ulizaliwa katikati ya ng'ombe kule Masisi," Gisubizo, aliyekaa naye benchi moja, alimwambia. "Ile kozi iko ya bure kwako."

Ntwari naye aliamini hivyo. Kemia ilimtoa jasho akaishinda. Daftari la ufugaji alikaa majuma mawili bila kulifungua.

Lilipofika somo la magonjwa, mwalimu alieleza ugonjwa uitwao bruseloze. Ng'ombe huharibu mimba ikiwa kubwa, alisema, na mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi. Kisha akaongeza kwa sauti ileile: "Mwanamke mwenye mimba anaweza kuipoteza."

Kalamu ya Ntwari ilisimama.

Mama yake, Murekatete, alipoteza mimba tatu. Miaka hiyohiyo ng'ombe wao walikuwa wakizaa ndama wafu, na Ntwari, akiwa na umri wa miaka kumi, ndiye aliyemkamulia mama kikombe cha kila asubuhi ili apate nguvu. Majirani walinong'ona kwamba tumbo lake limefungwa. Baba yake, Védaste, aliwasikiliza. Alimrudisha mkewe kwao, akaenda kuoa mwingine kule Mubi.

Baada ya somo Ntwari alimfuata mwalimu, akamweleza. "Inawezekana," mwalimu alijibu polepole. "Lakini damu haikupimwa. Hakuna wa kukuhakikishia."

Siku ya mtihani, swali la nne liliuliza ugonjwa ule unavyotoka kwa ng'ombe kwenda kwa mtu. Jibu alilijua lote. Aliandika neno "maziwa", akalikata, akaliandika tena, akalikata, hadi muda ukaisha maswali mengine yakiwa matupu. Alipata sita juu ya ishirini. Gisubizo alicheka, lakini alipomwona usoni akakatiza kicheko.

Likizo ilipofika alipanda kwenda Masisi, akamkuta mama akipalilia maharagwe katika shamba la mjomba.

"Mama, zile mimba. Pengine ilikuwa maziwa. Yale nilikuwa nakuletea."

Mama alisimamisha jembe. "Ni kusema haikukuwa mimi?"

"Haikukuwa wewe, Mama."

"Papa yako anajua?"

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Védaste azikwe Mubi, na mama alijua.

"Nilisahau," mama alisema, akaketi palepale kwenye tuta. Alilia bila sauti, mikono imejaa udongo.

"Unisamehe, Mama."

"Ulikuwa mutoto. Ulikuwa unataka nipone." Alijifuta kwa kitenge. "Ule wa tatu alikuwa musichana. Nilikuwa nimeshamupatia jina."

Jina lenyewe hakulitaja, na Ntwari hakuthubutu kuliuliza.

Mwezi wa tisa alirudia mtihani. Swali lilelile lilikuwemo, na safari hii aliandika jibu lote, mistari minne, akapita.