Sinema ya Matrekta

Alinipigia simu Jumatano nikiwa nimelala chini ya gari la mteja, oili inanidondokea shavuni. Hakujitambulisha. Alisema tu, "Mtafsiri, bado uko?" Nikajua ni nani, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo. Ni yule tuliyefanya naye kazi ya sinema tukiwa vijana, yeye kwa mashine na mimi kwa maikrofoni. Ni yule pia aliyewaonyesha vijana nyumba yangu ikachomwa. Nayaandika yote mawili kwa pumzi moja kwa sababu hivyo ndivyo yanakaa ndani yangu.

"Ukuta wetu wa sinema kule Timboroa haujaanguka," akasema. "Tumeupaka rangi. Jumamosi watu wanakuja na magari, wanakaa humo ndani, sauti inawafikia kwa redio. Nimewaambia sinema bila mtafsiri ni picha tu. Utakuja?"

Nilimkatia simu. Halafu nikatoka chini ya gari, nikanawa mikono na sabuni ya unga, nikampigia na kumwambia nitakuja.

Sikukubali kwa kuwa na hamu naye. Kwa miaka yote hii nimetaka kitu kimoja tu kutoka kwake: aseme mbele ya watu kwamba ni yeye. Korti sikuitaka, korti ni ya waliosoma. Mimi niliachia shule darasa la nne. Nilitaka aseme pale tu, mahali watu wanatujua sisi wawili.

Mke wangu, ambaye anauza nyanya hapa Eldoret na hapendi maneno mengi, aliniuliza swali moja.

"Unaenda kumuua?"

"Kwa kutumia nini, spana?"

"Basi nakuja. Lakini Baba watoto, kama ni kuzuru makaburi, tuzuru yote. Umenisimulia sinema za Sugoi na Kesses mpaka nikachoka. Nionyeshe."

Ndipo tukatoka Jumamosi asubuhi na pikapu yangu kuukuu, yeye na thermos ya chai mapajani, tukaanza na Sugoi.

Vijana wa leo ukiwaambia tulikuwa na sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari wanacheka. Tulikuwa nayo, ila magari yalikuwa matrekta. Lori la muuza sabuni lilikuja kila mwisho wa mwezi, likitangaza sabuni kwanza, halafu filamu. Wakulima walikuja na matrekta yao, trela nyuma, na ndani ya trela mabibi, watoto, akina nyanya na mablanketi. Trekta haikuegeshwa ikitazama pazia. Iliingia kinyumenyume, trela ndiyo itazame, na dereva akakaa kwa kiti chake amepinda shingo saa mbili nzima. Huyo rafiki yangu wa mashine ndiye aliyewapanga. Alikuwa na tochi kubwa ya betri sita, na mkono wake ulikuwa na namna yake: juu mara mbili, njoo; chini mara moja, hapo hapo, simama.

Pale Sugoi zimebaki nguzo mbili tu za pazia katikati ya shamba la mahindi. Tulisimama ukingoni. Upepo ulipita, mahindi yakalala na kuamka, na kwa muda niliwaona, naapa, wale watu wa zamani wa filamu wakitembea juu ya majani, weupe, bila miguu, wakifungua milango ambayo haipo. Mke wangu akanimiminia chai.

"Hapa ndipo ulisema yule mtu alikuwa na pacha?"

Ndipo. Kiingereza sikukijua. Nilitazama midomo ikisonga nikasema kilichonijia, na watu wa makabila matano walikaa wakaamini kwa Kiswahili changu. Siku hiyo mikanda ilichanganyika. Mtu tuliyemzika kwa mkanda wa pili alitokea kwa mkanda wa tatu anakula kuku. Watu wakanigeukia. Nikasema, "Huyu ni pacha wake, alikuwa Mombasa." Wamama wakapiga vigelegele. Mwezi uliofuata mzee mmoja aliniuliza kama yule pacha ameshapewa shamba la marehemu. Nikamwambia kesi inaendelea.

Mke wangu alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilicheka pia, na kicheko kiliponiisha nilihisi vibaya, kwa sababu aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya mashine siku ile, akijiziba mdomo asicheke, ni yeye.

Tulirudi kupitia mjini, tukashika barabara ya Kesses. Huko ukuta upo, lakini wamejenga vyumba vya kukodisha wanafunzi ukiwa ndio mgongo wa vyumba. Upande wetu, ule uliokuwa wa picha, wamefunga kamba za nguo. Mashuka yalikuwa yameanikwa, meupe na ya waridi, na jua la saa tisa likipenya. Kivuli cha msichana aliyekuwa nyuma akianua nguo kilipita juu ya shuka kikubwa kuliko yeye, kikainama, kikapotea. Nilisahau nimefuata nini. Kama dunia ingekuwa imeishia hapo, kwa kivuli kile na harufu ya sabuni, ningeenda nyumbani nikalala vizuri.

"Mzee, mnatafuta bedsitter?" msichana akauliza.

"Tunatafuta sinema," mke wangu akamjibu.

"Hapa? Wi-Fi yenyewe ni shida."

Kutoka Kesses tulishika njia ya Timboroa. Barabara inapanda, masikio yanaziba, mipaini inaanza. Wacha niwaambie hapa kilichotokea, ili tukifika mjue.

Ni baada ya ile kura iliyotugombanisha. Vijana waliokuja hawakuwa wa kijiji chetu huko Timboroa, hawakujua nyumba ya nani ni ipi. Waliletwa kwa trela. Mwenye trekta namjua. Petroli ilitoka kwa mwenye duka la vipuri, aliyekuwa akinikopesha plagi. Jirani yangu wa ng'ombe alikuwa ameshahamisha ng'ombe wake tangu mchana, hakunong'ona hata neno. Msaidizi wa chifu alizima simu. Hao wanne. Wa tano alisimama barabarani, na mimi nikiwa dirishani niliona ule mwanga wa betri sita, ukipanda mara mbili kuwaita, kisha ukishuka mara moja kwa mlango wangu. Hapo hapo. Simama. Ningeujua mkono ule hata usingizini, na usingizini ndiko nimeuona zaidi.

Nilimtoa mama kwa mgongo wangu. Moto ulinishika mkono wa kulia, mama baridi ilimshika kambini tulikokimbilia, chini ya turubai. Mimi nilipona.

Timboroa tulifika ukungu umeshuka. Ukuta wa kiwanda cha mbao, uliobaki peke yake, ulikuwa mweupe kama maziwa. Magari kama ishirini hivi yalikuwa yamejipanga, mapya mapya, na katikati yao trekta moja, imeingia kinyumenyume, watu wamejifunika trelani. Yeye alikuwa kwenye meza ndogo chini ya mwavuli. Amezeeka. Mguu mmoja anauburuta. Mashine ya siku hizi ni ndogo kama mkate.

"Mtafsiri," akasema.

"Niambie ni filamu gani."

"Ya farasi. Mtu anarudi kwao."

Alinipa maikrofoni na kiti karibu na chake. Mke wangu alibaki ndani ya pikapu, akawasha redio.

Mwanga ulipotoka, ukungu uliushika kabla haujafika ukutani. Picha ilielea hewani, mbele ya ukuta, ikipumua. Farasi alikuja akitembea ndani ya wingu. Juu yake mtu amechoka, kofia imeshuka. Nikafungua mdomo, na sauti yangu nikaisikia ikitoka kwa magari yote ishirini, ndogo ndogo, kama nyuki.

"Mtu huyu anarudi kwao," nikasema. "Alichomewa nyumba. Mama yake alikufa kwa baridi. Sasa anaingia mjini, anawaangalia mmoja mmoja."

Ukutani mtu mnene alikuwa akifungua duka. Nikampa jina. Sio jina la Kizungu. Nilimpa jina la mwenye duka la vipuri, la kwanza na la baba yake. Kwa gari moja mtu alicheka. Akatokea mwenye gari la kukokotwa, nikampa jina la mwenye trekta, nikasema alibeba vijana wangapi na walishukia wapi. Hapo hakuna aliyecheka. Mchunga ng'ombe alipopita nilimtaja jirani yangu. Mwenye nyota kifuani nikampa jina la msaidizi wa chifu. Gari moja liliwasha taa, likaondoka polepole, na wengine wakapiga honi. Sijui walikuwa wanalifukuza au wananifukuza mimi. Yale majina hapa siandiki. Pale niliyasema, na waliokuwa Timboroa waliyasikia.

Kisha ukutani akatokea mtu amesimama mlangoni na taa mkononi. Hakuwa na kazi yoyote kwenye filamu ile, alikuwa mtu wa kufungulia wageni mlango wa hoteli.  Nilikuwa nimelibeba jina la huyo wa taa tangu Eldoret, tangu kambini, lakini likaniganda ulimini. Mtu wa taa aliendelea kusimama. Redio zote zilikuwa zikitoa pumzi yangu tu.

Yeye aliyekuwa kando yangu alinyoosha mkono. Nilidhani anataka kuzima mashine. Alishika maikrofoni juu ya vidole vyangu, kwenye ile ngozi iliyoungua, akainama akasema jina lake. Jina kamili. Halafu akasema, "Mlango ni mimi nilimulika. Waliniambia itachomwa nyumba yangu au yake. Nikawaonyesha yake. Nilijua mama yake yuko ndani."

Trelani mtu alikohoa. Alinirudishia maikrofoni.

"Umeridhika?" akaniuliza chini chini.

"Hapana," nikamwambia. Ilikuwa kweli. Nilidhani nikilisikia neno hilo kitu kitanitoka kifuani kama jiwe, na hakikutoka. Sikumsamehe, na sijamsamehe leo ninapoandika. Lakini kwa mara ya kwanza sikuwa peke yangu kulijua. Lilikuwa sasa ndani ya yale magari, limekaa kwa viti vyao, wataenda nalo nyumbani.

Nilitazama kwenye pikapu. Mke wangu hakuwa amefuta ukungu kwenye kioo. Niliona tu kiganja chake kimebandikwa kwa kioo kutoka ndani, hakisongi.

Filamu ilikuwa haijafika hata nusu. Mtu wa taa alikuwa ameondoka ukutani, farasi yuko mtoni anakunywa maji, na kwenye trela nyanya mmoja akaita kwa sauti, "Sasa mbona umenyamaza? Huyo mtu wa farasi analala wapi leo?"

Sikujua. Nikatazama midomo ikisonga, nikaanza kumwambia.